Umilele Katika Shamba la Kuazimwa

Neno umilele, kama linavyotumika katika mafundisho ya Kikristo, lina maana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: ya kwanza ni muda usiokwisha unaoanza baada ya kaburi, na ya pili ni uhai wa Mungu mwenyewe, ambao Injili ya Yohana, sura ya 17, inaueleza kuwa ni kumjua Mungu na yule aliyetumwa naye. Anayeshika maana ya kwanza peke yake huyaona maisha ya kila siku kuwa ni kungojea tu, ilhali anayeshika ya pili hutambua kwamba umilele umekwisha kuanza, na kwamba jikoni, shambani na sokoni ndiko watu wanakouishi.

Tofauti hiyo ilimshughulisha John Mbiti (1931–2019), mwanatheolojia Mkenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 aliyatumia maneno ya Kiswahili sasa na zamani kueleza fikra za Waafrika kuhusu wakati, hoja iliyopingwa na wasomi wengi. Lakini katika kitabu cha mwaka 1971 kuhusu eskatolojia, yaani mafundisho ya mambo ya mwisho, aligusa jambo lisilopuuzika alipochunguza jinsi Wakamba walivyoipokea mbingu iliyohubiriwa kwao kama mahali pa kwenda baadaye.

Jambo hilo lina uzito wa pekee Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Isingiro nchini Uganda, yenye watu zaidi ya 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Huko watu hungoja mgao, hungoja mahojiano, hungoja kuhamishiwa nchi ya tatu, na ni rahisi mbingu nayo ikawa safari nyingine inayongojewa, huku siku ya leo ikihesabiwa kuwa hasara.

Hata hivyo, shamba lenyewe linafundisha kinyume chake. Kwa utaratibu wa Uganda, familia ya wakimbizi makazini hupewa kipande cha ardhi ili ikitumie, si ili ikimiliki, na hali hiyo inafanana na kile ambacho Wakristo hukiita uwakili, yaani kutunza mali ya mwingine kwa niaba yake. Nabii Yeremia, katika barua yake kwa mateka wa Babeli iliyo katika sura ya 29, aliwaahidi kurudishwa baada ya miaka 70, na katika barua hiyohiyo akawaagiza wajenge, wapande, waoe na kuoza, na wauombee amani mji walikopelekwa. Ahadi ya kurudi haikufuta agizo la kupanda. Iliwapa wapandaji sababu ya kutokata tamaa.

Ukweli huo hauishii makazini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na anayepanga chumba Nyamityobora, katika jiji la Mbarara, hukabiliana na kodi, vibarua na biashara ndogo, mahali ambapo imani hupimwa kwa mizani ya muuzaji na kwa daftari la madeni. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda, Ankole ikiwemo, katika miaka ya 1930, uliwatambua waliookoka kwa matendo ya namna hiyo: kuungama hadharani, kurudisha vilivyoibwa na kulipa madeni.

Hata hivyo, kusudi la milele lisigeuzwe kuwa dawa ya kuwanyamazisha wenye njaa. Tangu mwaka 2020 mgao wa chakula wa wakimbizi umepunguzwa zaidi ya mara moja, na Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unaikemea imani inayomtakia amani mwenye uhitaji bila kumpa kitu. Mhubiri anayeitaja mbingu mbele ya sufuria tupu anawajibika kwanza kwa sufuria hiyo.

Basi Mkristo asiulize tu ataupata lini uzima wa milele, bali aulize kama jirani yake ameuonja leo kupitia kwake: katika kipimo kilichojaa, katika deni lililolipwa, katika mbegu iliyopandwa kwa uangalifu kwenye ardhi ambayo huenda mwingine ndiye atakayeivuna.