Je, Kuandika Deni la Ndugu ni Kukosa Upendo?

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yajulikana na wengi, lakini waishikao ni wachache. Leo twapenda kuifikiri pamoja nanyi, ndugu wasomaji, kwa ajili ya mama zetu wafanyao biashara ndogo katika mji wa Bukavu: wale wauzao unga wa muhogo na maharage katika soko la Kadutu, wale wapangao sambaza Nyawera, wale wangojao mashua za Idjwi na Kalehe, na wale wavukao mto Ruzizi asubuhi na kurudi jioni na mzigo kichwani.

Watu husema kwamba shida ya mama hawa ni mtaji mdogo. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Wako wengi ambao mtaji waliupata, kwa mkopo au kwa zamu yao katika likelemba, na baada ya miezi michache haukuwako tena. Hawakuibiwa. Hawakunywa pombe. Walifanya kazi tangu alfajiri hata usiku. Ukiwauliza, wasema: "Nauza, watu wananunua, lakini sioni faranga zinakwenda wapi."

Basi, kwa nini hawaandiki? Wengine hawakupata kusoma. Wengine wasema hawana nafasi, maana wakirudi nyumbani kazi ya jikoni yawangojea. Lakini iko sababu nyingine, nayo ni ya moyoni. Jirani aja na kusema: "Mama, unipe makopo mawili ya unga, nitalipa siku ya posho." Mama akitoa kaye yake na kalamu, jirani anuna: "Unaniandika? Kumbe hatuaminiani!" Hapo mama aona haya, aficha kalamu, apima unga. Moyoni ajisifu kwamba ametenda kwa upendo. Je, ni upendo kweli? Hilo ndilo swali letu.

Kwanza tuchukue mfano, tufanye hesabu. Mama amenunua gunia la unga kwa dolari 40. Siku hiyo dolari moja ni faranga 2,800. Basi gunia limemgharimu faranga 112,000. Ndani yake apata makopo 80, naye auza kila kopo faranga 1,600. Kichwani mwake ahesabu hivi: 80 mara 1,600 ni 128,000, nimepata faida ya faranga 16,000. Amshukuru Mungu, asema soko limetembea.

Lakini mwenye kubeba gunia alilipwa faranga 3,000. Mtoza kodi ya soko alipita siku nne, kila siku faranga 500, jumla 2,000. Kila jioni mama alichukua kopo moja kwa ugali wa watoto, makopo manne. Tena makopo matatu yalikwenda kwa jirani na kwa shemeji, wala hayajalipwa. Basi makopo yaliyouzwa kwa fedha ni 73 tu, ndiyo faranga 116,800. Tukitoa 5,000 za mbebaji na za kodi, mkononi zabaki 111,800. Hata bei ya gunia haikurudi! Na siku ya kwenda kununua gunia jingine, aambiwa dolari imepanda, sasa ni faranga 2,850. Gunia la dolari 40 lataka faranga 114,000. Amepungukiwa na faranga 2,200, naye alidhani ana faida ya 16,000.

Mfano huu watuonyesha mambo mawili. La kwanza, hakuna aliyemdhulumu mama huyu. Mtaji wake uliliwa kidogo kidogo, na kila aliyekula alikuwa na sababu nzuri. La pili, bila maandishi hawezi kujua ni nani aliyekula nini. Atasema biashara ya unga ni mbaya, ataacha, ataanza sambaza. Na huko mambo yatakuwa yale yale.

Sasa turudi kwenye swali la upendo. Wengi wetu twadhani kwamba upendo na hesabu ni maadui: apendaye hahesabu, na ahesabuye hapendi. Lakini tujiulize: yale makopo matatu aliyoyatoa, yalikuwa ya nani? Ikiwa gunia lilinunuliwa kwa fedha ya mkopo wa chama, basi sehemu kubwa ya unga ule ni jasho la mama wengine walioweka akiba yao sandukuni. Atoaye asichojua kama ni chake, aweza kuwa mkarimu kwa mali ya wenzake. Siku ya kulipa mkopo ikifika naye hana, mwenzake atakosa ada ya shule ya mtoto wake. Jirani alipata unga. Mtoto wa mwingine alipoteza masomo. Huo si upendo mkubwa kuliko haki. Kwanza kila mtu apate lililo lake, ndipo tuweze kutoa kwa moyo mweupe.

Wengine watajibu: "Je, maskini afe njaa kwa sababu ya kaye?" La, hasha! Daftari halimkatazi mama kusaidia. Lamkataza kuchanganya mambo. Kuna kitu kiitwacho deni na kuna kitu kiitwacho zawadi, na kila kimoja kina heshima yake. Mama ambaye hajaandika hatoi zawadi wala hakopeshi. Aacha jambo katikati, katika giza. Jirani asema moyoni, "Alinipa." Mama asema moyoni, "Alinikopa." Baada ya miezi mitatu hawasalimiani tena. Kukopa harusi, kulipa matanga, wasema watu wa pwani, na mara nyingi matanga hayo ni ya urafiki wenyewe. Lakini mama aandikaye aweza kutazama daftari lake na kusema: "Mjane huyu hawezi kulipa, nafuta deni lake." Hiyo ndiyo zawadi ya kweli, kwa sababu ajua ametoa nini. Msamaha wa deni wataka kwanza deni lijulikane.

Tena, maandishi yamlinda mdeni kuliko yamwumizavyo. Kumbukumbu ya binadamu yaelemea upande wake mwenyewe. Mkopeshaji asiyeandika aweza kukumbuka makopo manne mahali pa matatu, wala si kwa ubaya. Maandishi yaliyosomwa mbele ya wawili ni shahidi asiye na upande.

Wala jambo hili si geni kwa dini. Waislamu wanayo amri katika Kurani kwamba deni la muda liandikwe, na mashahidi wawepo. Na katika Kanisa letu, aliyechapisha kwa mara ya kwanza maelezo kamili ya hesabu ya biashara ya kuandika kila kitu pande mbili, alikuwa mtawa wa Mtakatifu Fransisko, Luca Pacioli, katika kitabu chake kilichotoka Venice mwaka 1494. Hakuibuni njia ile; wafanya biashara wa mji ule walikuwa wakiitumia. Yeye aliwafundisha wengine, tena akawashauri waanze madaftari yao kwa jina la Mungu. Mtawa aliyeahidi ufukara hakuona haya kufundisha hesabu za fedha, kwa kuwa alijua kwamba hesabu safi ni sehemu ya kusema kweli.

Sasa yatupasa kugusa jambo zito zaidi. Mama wengine hawaogopi jirani, waogopa nyumbani. Wasema: "Nikiandika faida, mume wangu ataona, atazichukua akanywe." Au ndugu wa ukoo watakuja na mikono wazi. Kwa hiyo wengine huandika madaftari mawili, moja la kweli na moja la kuonyesha. Je, ni halali?

Tutofautishe. Kunyamaza si kusema uongo. Hakuna aliyewajibika kutangaza fedha zake kwa ukoo mzima, na mama ambaye mumewe hupoteza chakula cha watoto katika pombe ana haki, tena ana wajibu, kukilinda chakula hicho. Lakini daftari la uongo ni uongo uliopewa wino. Leo lamdanganya mume. Kesho lamdanganya mama mwenyewe, maana atasahau lipi ni lipi. Kesho kutwa mtoto aliyeliandika atakuwa amejifunza kwamba kalamu ni ya kudanganyia. Heri daftari moja la kweli lililofichwa kuliko mawili yaliyo wazi, moja likiwa la uongo.

Na waume nao tuwaambie neno. Zamani sheria yenyewe iliwapa nguvu kupita kiasi: Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke awe na ruhusa ya mumewe katika mambo mengi ya mikataba. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo, ikaweka mahali pake mapatano ya mume na mke. Lakini sheria ya karatasi haiingii nyumbani kwa nguvu yake yenyewe. Mume asemaye, "Biashara yako haina faida," atazame tena mfano wetu. Makopo manne yaliyopikwa jioni ni faranga 6,400. Nani aliyelisha nyumba siku nne zile? Bila daftari, kazi ya mama haionekani. Yaliwa na kusahauliwa. Daftari likiandika "unga wa nyumbani, makopo manne", lamtendea haki yeye aliyeuleta. Mume mwema hataona haya kulisoma, na penye kusoma pamoja, haja ya kuficha yapungua.

Tena kuna msaada mwingine ambao mama wengi wa Kivu ya Kusini waujua. Katika MUSO, fedha hugawanywa katika masanduku yenye rangi: kijani kwa akiba na mikopo, nyekundu kwa wagonjwa na misiba, bluu kwa fedha zitokazo nje. Katika vyama vya AVEC, ambavyo njia yao ilianzia nchini Niger mwaka 1991, sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu. Mama akiombwa fedha na shemeji, ajibu kweli tupu: "Ziko sandukuni, nami peke yangu siwezi kufungua." Hakusema uongo, wala hakuvunja udugu. Na asiyejua kusoma ana kijitabu ambamo kila sehemu ya akiba hupigwa muhuri; ahesabu mihuri, ajua mali yake. Haya yalionekana thamani yake mwezi wa Februari 2025, M23 walipoingia mjini Bukavu na mabenki yakafunga milango. Fedha zilikuwa adimu. Lakini aliyejua anamdai nani na anadaiwa na nani, angalau hakupotea njia.

Basi, mama asiye na shule afanye nini? Aanze na vifuko vitatu: kimoja cha mtaji, kimoja cha nyumba, kimoja cha akiba. Fedha ya gunia isiingie katika kifuko cha nyumba hata usiku mmoja. Kwa madeni, achore alama ya mtu: mti kwa jirani wa karibu na mti, kiti kwa seremala, na mistari kwa hesabu ya makopo. Ajuaye kusoma agawe ukurasa mara nne: kilichoingia, kilichotoka, kilicholiwa nyumbani, kilichokopwa. Aandike bei ya dolari ya siku ile. Aandike pia hasara, kama noti ya dolari yenye tundu ambayo sokoni wameikataa. Robo saa kila jioni yatosha. Na akimwita mtoto amwandikie, amfundishe kwamba madeni ya watu hayatangazwi shuleni. Siri ya mdeni ni amana.

Na sisi tukopao, tusinune tunapoandikwa. Dawa ya deni ni kulipa, na mwanzo wa dawa ni kukubali kwamba deni lipo. Mtu mwaminifu aambie mwenyewe: "Mama, uandike, nisije nikasahau." Neno hilo fupi lingewaokoa mama wengi na haya ya kutoa kalamu, na mitaji mingi ya Kadutu ingedumu. Injili yatufundisha kwamba atakaye kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Mama zetu hawajengi minara. Wajenga nyumba zenye watoto walioshiba na kusoma, nazo zastahili hesabu iliyo njema zaidi.