Stesheni Ikigeuka Duka

Jengo halina ulimi, lakini lina namna yake ya kumpokea mtu. Stesheni ya garimoshi humpokea mwenye tiketi, humpokea aliyekuja kumlaki mjomba wake, na hata mama aliyechelewa akaamua kulala juu ya furushi lake hadi mapambazuko. Dukani mambo ni mengine. Huko mgeni hupimwa kwa mfuko wake, na asiyenunua huonekana anaziba njia. Basi stesheni kongwe inapogeuzwa kuwa maduka, yatupasa kujiuliza ni kitu gani hasa kilichohifadhiwa.

Wako wasemao kwamba duka ni adui wa historia. Hatukubaliani nao. Mjini New York, stesheni kubwa ya Pennsylvania, iliyofunguliwa mwaka 1910, ilianza kubomolewa mwaka 1963, na mawe yake mengi yakatupwa kama kifusi. Uchungu wa hasara ile ulisaidia kuzaa sheria ya mwaka 1965 ya kulinda majengo ya kale ya mji huo. Mji wa St. Louis, huko huko Marekani, ulifuata njia nyingine. Stesheni yake ya mwaka 1894 iliagana na garimoshi la mwisho mwaka 1978. Mwaka 1985 ikafunguliwa upya, ikiwa na hoteli na maduka chini ya paa lile lile lililofunika reli. Ukumbi wake mkuu wenye nakshi ungali umesimama. Biashara ndiyo iliyouokoa, na msema kweli hawezi kulikana hilo.

Hata hivyo biashara haikufunga ndoa na jengo. Wateja walipungua, maduka yakafungwa, na mwaka 2019 pakafunguliwa humo nyumba ya kutazamia samaki, ambayo mtu huingia kwa kulipa.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tangu mwaka 2024 magarimoshi ya umeme yaenda Dodoma kwa reli mpya yenye stesheni zake. Yawezekana siku moja mwenye mtaji atazitazama kuta nene za stesheni kongwe, akaona humo meza za bidhaa. Wala tusizipambe kuta hizo kwa sifa zisizo zake. Zilijengwa na ukoloni kwa jasho la watu wetu, na safari zenyewe zilipangwa kwa madaraja, mwananchi akisukumwa daraja la tatu. Heshima ya benchi la kila mtu ililetwa na abiria wenyewe, kwa miaka mingi ya kungoja pamoja, kugawana maji na muhogo, kulindiana mizigo na kusomeana barua. Mali hiyo haimo katika orodha ya vifaa vya jengo, nayo ndiyo ya kwanza kutupwa mpangaji anapoingia.

Maduka na yawepo, yalipe kodi, na kodi hiyo izibe paa linalovuja. Ila ukumbi wa kungojea ubaki wazi, na mabenchi yake, na saa yake ikienda, na mtu akae humo hata kama hana senti ya kununulia chai. Mpangaji atasema nafasi hiyo ni hasara. Huenda ni hasara kweli. Basi mkataba utaje, kabla ya kutiwa sahihi, ni nani atakayeibeba.