Ukihama Chumba, Usimhame Ndugu Yako

Andiko: Mwanzo 13:5-12 na 14:12-16



Neno hili niliwaandalia hasa vijana wetu wa chuo, lakini wewe mzazi na wewe mwenye ploti usikunje karatasi bado, kuna sehemu yako mbele. Sisi tunaokaa hapa Amalemba tunaliona kila muhula: boda boda imebeba godoro, meko ya gesi, ndoo na mwenyewe amekaa juu. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ambacho wazee wetu wengine bado wanakiita WECO, kina wanafunzi wengi kuliko vitanda vya hosteli zake. Kwa hiyo vijana wanapanga huku kwetu, wanapanga Lurambi, wanapanga Kefinco. Wanaingia wawili, wakati mwingine watatu, ndani ya chumba kimoja ili kodi iwe nafuu. Jikoni, chumba cha kulala na mahali pa kusomea, vyote ni hapo hapo. Na wahenga walishasema, vyombo vya kabati moja havikosi kugongana.

Kwa nini nilete habari za sufuria na kodi madhabahuni? Kwa sababu katika huduma ya vijana nimeona kwamba kijana anayepotea kanisani mara chache huwa amepotezwa na mafundisho. Mara nyingi kuna mtu mmoja hapa ndani ambaye hataki kukutana naye.

Kuna ndugu wawili walinipa ruhusa niseme habari zao, nami nimebadilisha mambo machache wasitambulike. Walikutana CU, wote waimbaji, wakapanga chumba cha shilingi 5,000 kwa mwezi. Mmoja, ambaye kwao mambo si mabaya, akalipa dipoziti yote 5,000 na kodi yote ya miezi miwili, mwenzake akiahidi kurudisha nusu yake mkopo wa masomo ukiingia. Mkopo ukachelewa. Yule aliyelipa hakusema kitu. Alianza tu kufungua kichwa cha meko kila asubuhi na kukitia kwenye begi, anaenda nacho darasani, ili mwenzake asipike. Hebu fikiria, mtu yuko kwenye mhadhara na kichwa cha gesi kati ya vitabu! Baadaye unga ukafungiwa kwenye sanduku. Kisha akaanza kuweka kwenye WhatsApp mistari ya Biblia kuhusu watu wavivu. Timu nzima ya sifa ikajua anasemwa nani.

Na yule mwenye deni pia hakusema kitu. Aliona aibu. Jumamosi alikuwa anakwenda kubeba mawe kwenye mjengo, na pesa kidogo alizopata alinunua tokeni za stima na unga bila kumwambia mwenzake zimetoka wapi. Alipoona ile mistari kwenye simu, akaacha kuja ibadani. Majuma matano kiti chake kilikuwa wazi.

Sasa tumwangalie Abramu. Biblia haifichi chanzo cha ugomvi wake na Lutu: ilikuwa mali na nafasi. Mifugo ilikuwa mingi, malisho hayakutosha, wachungaji wao wakaanza kukosana. Hapo hakuna pepo aliyetajwa. Kwa hiyo kijana wangu, usikimbilie kumkemea shetani wakati shida ni kwamba chumba ni kidogo na hamkukubaliana nani anaosha vyombo. Vingine vinaombewa, na vingine vinahitaji mkae chini mzungumze.

Halafu mstari wa 7 unaongeza neno ambalo tunalipita haraka: Wakanaani na Waperizi walikuwa wakikaa katika nchi wakati huo. Maana yake kulikuwa na watazamaji. Nanyi mnao, kwa sababu kuta za ploti zetu ni nyembamba. Jirani asiyeokoka anawasikia mkiimba Jumatano na anawasikia mkitukanana Alhamisi. Anapima injili kwa mlango wenu kabla hajaipima kwa mahubiri yangu.

Ni nani alianza kusema? Abramu. Yeye ndiye mkubwa, Lutu ni mwana wa ndugu yake, na ahadi ya nchi ile alipewa Abramu. Mwenye haki ndiye aliyetangulia kuomba amani. Sisi huwa tunasema, "Yeye ndiye alinikosea, yeye ndiye aje." Watu wa huku tunasalimiana mulembe, yaani amani. Lakini unaweza kumpa mulembe kila mtu kwenye barabara ya kwenda chuo, kisha ukafika chumbani ukampita mwenzako kama ukuta.

Na angalia alisema na nani. Alisema na Lutu mwenyewe. Bwana Yesu naye katika Mathayo 18:15 anatupa mpangilio ule ule: nenda kwake mkiwa wawili tu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Kanisa linakuja baadaye. Siku hizi vijana tumeupindua huo mpangilio. Tunaanza na stetasi, tunapitia kwa kikundi cha timu ya sifa, tunamaliza kwa mchungaji, na mhusika ndiye wa mwisho kuambiwa.

Wale ndugu wawili nilipowaketisha, niliwapa karatasi na kalamu kabla ya kuwapa andiko. Mimi nilisomea biashara, na jambo moja nililobeba kutoka darasani ni hili: hesabu ya kichwani inakua pamoja na hasira. Aliyelipa alikuwa anasema anadai "kama elfu kumi hivi". Tuliandika. Nusu ya dipoziti, 2,500. Nusu ya kodi ya miezi miwili, 5,000. Jumla 7,500. Kisha tukatoa 1,200 za stima na unga ambazo mwenzake alikuwa amelipa zaidi ya sehemu yake. Deni likabaki 6,300. Hapo ndipo mmoja alipojua kwa mara ya kwanza habari za mjengo, na mwingine akasikia kwa mara ya kwanza kwamba dipoziti ile ilikuwa karibu pesa yote ya matumizi ya mwenzake ya muhula. Walikuwa wamelala futi tatu kutoka kwa kila mmoja na hawajui hayo.

Amosi 3:3 inauliza kama watu wawili wanaweza kutembea pamoja wasipokuwa wamepatana. Basi patana mapema. Wiki ya kwanza ya muhula, kabla hamjakunjua magodoro, andikeni ukurasa mmoja: kodi analipa nani na tarehe ngapi, dipoziti ni ya nani, gesi na stima, chakula ni cha pamoja au kila mtu na lake, wageni wanaruhusiwa mpaka saa ngapi, taa inazimwa lini. Kuandika si kukosa upendo. Unaandika ili upendo usije ukapigana na kumbukumbu.

Niongeze neno kwa waombaji. Kama mwenzako ana mtihani saa mbili asubuhi, kunena kwa lugha kwa sauti kuu saa tisa usiku ndani ya chumba kimoja, hapo unamwonea. Mithali 27:14 inatufundisha kwamba hata baraka, ukimpigia rafiki kelele nazo alfajiri, itahesabiwa kuwa laana. Kesha lina mahali pake. Nong'ona, au uje kanisani, mlango uko wazi.

Ikishindikana je? Abramu alikubali watengane. Alimwachia Lutu achague kwanza, na Lutu akachagua bonde lenye maji. Kutengana huko hakukuwa dhambi. Kuna watu wanaopendana ambao hawawezi kukaa chumba kimoja, na kuhama kwa amani ni bora kuliko kukaa kwa sumu. Lakini soma sura ya 14. Lutu anatekwa, habari zinamfikia Abramu, naye anatoka na watu 318 kumfuata usiku. Hakusema, "Si alichagua bonde?" Walikuwa wametengana mahema, ila Lutu alibaki kuwa ndugu yake.

Nisieleweke vibaya. Mtu akikupiga, akikuibia, akikutishia, au akileta watu wanaokutia hofu usiku, hilo halimalizwi kwa mazungumzo ya wawili. Toka hapo kwanza. Mwambie msimamizi wa ploti, mwambie ofisi inayoshughulikia wanafunzi chuoni, nenda polisi, na utuambie sisi wachungaji wako. Msamaha haukukatazi kuripoti.

Wazazi, mtoto akipiga simu analia kuhusu mwenzake wa chumba, kabla ya kutuma pesa za kuhama muulize, "Umezungumza naye?" Wenye ploti, andikeni risiti kwa majina ya wote waliolipa na kiasi cha kila mmoja. Risiti hiyo itaepusha ugomvi siku mmoja akihama. Na ninyi marafiki, kumbukeni: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Usiwe wewe unayebeba maneno kutoka chumba hadi chumba.

Wale ndugu wetu hawakai pamoja tena. Mmoja amehamia Lurambi. Deni limebaki 1,400, na kila anapotuma kidogo kwa M-Pesa anapiga simu kumjulisha mwenzake. Hawajawa marafiki kama mwanzo, na sijawalazimisha. Lakini kile kiti hakiko wazi tena.

Wiki hii, kama kuna mtu unayempita kama ukuta, nenda kwake kabla ya Jumapili. Nenda peke yako, na simu uiache mfukoni.

Tuombe. Baba, wewe unajua vyumba vyote vya Amalemba na yanayosemwa ndani yake usiku. Tupe ujasiri wa Abramu wa kuanza kusema. Tupe uaminifu wa kulipa tunachodaiwa na moyo wa kumngoja asiye nacho. Anayehitaji kuhama, ahame bila chuki. Na siku ndugu yake akipatwa na shida, awe wa kwanza kuinuka. Katika jina la Yesu, amina.