Baada ya mshono

Tangu mwaka 1999, Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege hapa Bukavu, imetibu maelfu ya wanawake wenye fistula, tundu linalovujisha mkojo bila kukoma. Wengi wetu tunadhani tundu likishashonwa na mpira wa mkojo ukatolewa, mambo yamekwisha. La hasha. Tundu linaweza kuziba vizuri, na bado mkojo ukamponyoka mama akikohoa au akiinua ndoo. Daktari humwambia asilale na mume kwa miezi kadhaa, asibebe mizigo mizito, na mimba ijayo ajifungulie hospitalini, kwa kawaida kwa upasuaji.

Lakini mtazame mama anayepanda mtaa wa Kadutu hapa Bukavu, gunia la makaa mgongoni, kamba imemkaza kipaji cha uso. Asipobeba, watoto watakula nini? Ndiyo maana kazi ya Maison Dorcas, nyumba ya Panzi ambako wanawake hujifunza ushonaji na ususi wa vikapu ili wapate riziki bila kubeba mizigo, naiona ni tiba kamili.

Baba unayenisikiliza, mkeo akirudi kutoka hospitali, mbebee ndoo, mvumilie kitandani, na akishika mimba tena, anza mapema kuweka akiba ya safari ya kwenda kujifungua.