Marudio ni ya Nani?

Tuulizane, ndugu msomaji. Mtu akirekodi sauti yako leo, halafu keshokutwa mwingine akaikatakata na kuitia mwangwi mpaka wewe mwenyewe huitambui, je, sauti hiyo bado ni yako?

Dabu ilizaliwa hivyo. Kule Kingston, Jamaika, miaka ya 1970, King Tubby, fundi wa mitambo ya redio, alikuwa akichukua rege iliyokwisha rekodiwa, anamzima mwimbaji, anaacha besi na ngoma, na kipande cha neno kikielea kwa mbali. Utamu mtupu! Sasa kanda za kale za Afrika nazo zimefikiwa. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi Wasukuma, Wanyamwezi na wengine. Alipita Malawi pia, na sauti za huko zikafanyiwa kazi upya na vijana wa muziki wa kompyuta katika albamu ya wasanii mbalimbali, Beating Heart – Malawi, ya 2016.

Sie wa Geita na Kahama jambo hili tunalo machimboni. Mchimbaji anapeleka mawe yake karashani. Yanasagwa, zebaki inakamata dhahabu, naye anaondoka na chake. Mchanga unaobaki, yaani marudio, kwa desturi ni wa mwenye karasha. Huyo anautia sianidi, na bwana wee, dhahabu bado imo! Ni wizi? Mie nasema hapana. Mchimbaji anajua, na dawa kanunua mwingine. (Ingawa kukubali kwa mwenye njaa nako kuna walakini wake.)

Lakini manju wa 1950 alijua nini? Alikubali kuimba mbele ya maikrofoni, basi. Marudio hakuyakubali, maana hayakuwapo.

Wapo watakaosema wimbo si mchanga, ukiuchukua mwenyewe anabaki nao. Kweli kabisa. Wala sikasiriki wimbo ukibadilishiwa kazi. Bugobogobo ilitoka shambani na majembe yake ikapanda jukwaani, na hakuna aliyelia. Ila Wagika na Wagalu wanaposhindana, manju hatafuti wimbo usikike tu, anatafuta jina. Ukimgeuza kuwa sauti ya nyuma ya kumbembeleza msafiri alale, bila kumtaja, umemnyima kile kile alichokitolea jasho.

Mapato ya albamu ile yalielekezwa kusaidia watu huko huko Malawi. Vizuri. Lakini msaada unampa yeyote, deni lina mwenyewe.

Na mwenyewe anatafutika. Huko Kenya, kwa Wakipsigis, Tracey alirekodi wimbo wa Chemirocha mwaka 1950. Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba yake ya Afrika Kusini na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha rekodi zile vijijini, wakakuta baadhi ya walioimba wangali hai, wazee sasa, wakakaa nao kusikiliza.