Deni la Maji Ndani ya Bili ya Stima

Ujumbe wa tokeni ukishaleta zile tarakimu 20, hufuata makato: mafuta, VAT ya asilimia 16, REP, EPRA, na senti chache zilizoandikwa WRA. Hizo ni ada ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa maji yaliyozungusha mitambo. Ni nani huzitazama? Na bado ndilo kato pekee linalouliza swali la dini: kitu alichotoa Mungu bure, chaweza kuwa na mdai? Embu wapo wanaojibu haraka kwamba chaweza. Rupingazi unashuka kutoka Mlima Kenya, unaingia Thiba, nao Thiba unamwaga maji Kamburu, bwawa la tangu 1974; kutoka hapo maji yale yale yanafanyishwa kazi tena Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yetu, wanasema, basi kaunti itoze.

Katiba ya 2010 inakataza kaunti isijitozee ovyo: Kifungu cha 209 hakiruhusu kodi ya kaunti iumize uchumi unaovuka mipaka yake. Naona ni haki. Embu ikitoza maji, Nakuru itatoza mvuke wa Olkaria na Marsabit upepo wa Loiyangalani, na mjane wa Mbeere anayenunua tokeni ya shilingi 50 atalipa tozo zote hizo. Lakini kumzuia mdai asijichukulie mwenyewe hakufuti deni. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 69, inaidai serikali igawe kwa haki faida ya maliasili.

Deni lenyewe si la maji. Uislamu unahesabu maji, malisho na moto kuwa vya watu wote. Kwa wazee wa Ameru na Aembu, mvua iliombwa mlimani, haikununuliwa. Tena itazame Meru. Kathita unatoka mlima huo huo, ila unaingia mto Tana chini ya mabwawa yale, yaani ya Seven Forks, hausukumi mtambo hata mmoja. Tukilipia maji, Embu itapata na Meru ikose, ilhali wote wanaambiwa wasilime ukingoni mwa mito. Kinachodaiwa, basi, ni jasho: mche uliopandwa, mkaratusi uliong'olewa, kipande cha bondeni kilichoachwa bila nduma, na nduma hupenda hapo hasa.

Atasema mtu kwamba kaunti tayari hupata mgao kutoka Nairobi. Hupata, ila mgao huo huangalia idadi ya watu na umaskini, hauulizi ni chemchemi ngapi zimetunzwa. Mwingine ataona kumlipa mtu asiharibu mto ni hongo. Hoja hii ina uzito zaidi, kwani wajibu haununuliwi. Lakini aliyeacha nduma zake ili taa ya mwingine iwake amepoteza chakula, na kumrudishia alichopoteza ni fidia. Ada ya WRA na ibaki, itozwe kitaifa kwa mkono mmoja, na Bunge liamuru sehemu yake ifike kwa vyama vya watumiaji maji wanaotunza mito, vya Kathita sawasawa na vya Rupingazi.