Je, Mwisho wa Hadithi ni Deni?

Juzi hosteli ilikesha ikibishana: tamthilia ikikatizwa katikati, mtazamaji amedhulumiwa?

Tuanze na utaratibu wenyewe. Katika vituo vikubwa vya Marekani, msimu wa kawaida kwa miaka mingi ulikuwa na sehemu kama 22, kuanzia Septemba hadi Mei. Kituo huuza muda wa matangazo, na bei hufuata idadi ya watazamaji. Idadi ikishuka huku gharama zikipanda, tamthilia hufutwa. Mara nyingi sehemu ya kufunga msimu hurekodiwa kabla ya uamuzi huo. Mwandishi humwacha shujaa ukingoni mwa shimo ili turudi. Twin Peaks ya ABC iliishia hivyo Juni 1991, shujaa wake akiwa amenaswa. Mwendelezo ulikuja 2017.

Wanaosoma fiqhi watakumbuka gharar: haifai kuuza samaki aliye bado majini. Je, fundo ambalo mwenyewe hana uhakika wa kulifungua si samaki huyo? Mwenzangu alinijibu: "Hukununua kitu, ulitazama bure." Ana hoja; hapa hakuna mkataba wa mauzo kati yetu na mwandishi. Lakini macho yetu ndiyo yaliyouzwa kwa wenye matangazo. Na hata pasipo bei, ahadi ni ahadi.

Simlaumu anayefuta, mali ni yake na hasara ni yake. Swali langu namwelekezea anayeahidi. J. Michael Straczynski aliipanga Babylon 5 iwe hadithi ya misimu 5. Ilipoonekana kwamba msimu wa 4 huenda ukawa wa mwisho, alimalizia humo vita vyake vikuu, na hata sehemu ya kuhitimisha ikarekodiwa. Msimu wa 5 ulipopatikana, sehemu hiyo ikawekwa akiba hadi 1998. Hakujua atapewa muda gani, akalipa mapema.

Nasi tumefundishwa kuandika wasia tungali wazima, kwa sababu hiyo hiyo. Kutojua kesho hakumfanyi mtu mwongo. Kosa ni kuzuia leo kile unachoweza kukitoa, ukakifanya chambo cha kesho usiyoimiliki. Kabla hatujawadai waandishi wa Marekani, tujiulize: nani anangoja mwisho wa jambo tuliloanza naye?

Wallahu a'lam.